Panya wa Kumi na Saba

Sumu ilifika Kolkata kwa posta,
unga wa manjano, mkavu, ndani ya kichupa
kifupi kuliko kidole changu cha mwisho.
Kwenye lebo, mwandiko wa mtu wa kusini:
swila, jike, amekamuliwa mara ya nne, karudishwa porini.

Aliyemkamua anaitwa Nanjan,
na nanju, kwa lugha ya kwao, ndiyo sumu.
Babake aliuza ngozi za nyoka hadi sheria ikakataza;
yeye anauza mate.
Tuliongea mara moja kwa simu,
Kihindi changu kibovu, chake kibovu zaidi.
"Mshike shingo kama unavyoshika kichanga," alisema,
"kichanga kinachokuchukia."

Si kila king'aacho ni dhahabu, sawa.
Ila hakuna aliyenionya upande wa pili:
kwamba dhahabu, ikisagika mno,
huacha kung'aa.
Daktari Sutapa aliichemsha na chumvi ya ndimu:
manjano, kisha maji matupu,
kisha zambarau ya wingu lililonuna,
kisha (subiri, usitikise chupa) nyekundu,
nyekundu ya juisi ya rozela.
Chembe ndogo hivi, kwamba unywele wa panya
kwao ni barabara kuu.

Tukaifunga sumu mgongoni mwa dhahabu
kama gunia juu ya punda,
tukamwambia punda: fika kwenye uvimbe,
kwingine usishushe.
Punda hasikii kila neno.

Kazi yangu mimi ni mizani.
Panya ishirini na wanne, kila siku, saa mbili asubuhi.
Wanane wa maji ya chumvi: uvimbe kama kokwa ya tende kwapani.
Wanane wa sumu tupu: wamebaki watatu, mkojo una damu.
Wanane wa dhahabu yenye mzigo:
watano, uvimbe umekuwa choroko.
Wawili, bado tende.
Na wa kumi na saba, ambaye hakupungua wala hakuongezeka,
alinitazama, akaendelea kutafuna.
Daftarini niliandika: hana badiliko.
Hakuna safu ya kuandika: sielewi.

Jumanne mlinzi akanipigia kutoka getini.
Mtu kaja na treni ya usiku toka Murshidabad,
blanketi begani, chungu cha sukari ya mtende mkononi,
na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane:
SUMU YA NYOKA YAUA SARATANI.
Jina lake Bhabatosh. Mkewe, ini.
"Nimekuja kuichukua," akasema.
Hakusema kuomba, hakusema kuulizia.
Kuichukua.
Mlinzi akawa anaangalia viatu vyake mwenyewe.

Nilimnunulia chai ya kikombe cha udongo.
Nikamwambia habari za figo.
Nikamwambia miaka: kumi, tukibahatika,
na pengine kamwe.
"Kwetu twasema sumu huliwa na sumu."
"Na ikishamaliza kula?" nikauliza,
nikajuta, maana hakuwa amekuja kubishana.
Alivunja kikombe chini, kama tuvunjavyo sote,
akakanyaga vigae taratibu.
"Panya wangapi wamepata nafuu?"
Nikamtajia. Hapo ndipo nilipokosea.
"Watano," akasema, na uso ukamfunguka.
"Mimi namtaka mmoja tu."

Aliniachia kile chungu. Maabara hairuhusu chakula,
kikalala kwa mlinzi,
asubuhi nikakikuta nusu, na mlinzi hana la kusema.

Saa mbili. Nikawasha mizani, nikaisubiri itulie kwenye sifuri.
Panya wa kumi na saba amepungua gramu mbili.
Huenda ni uvimbe.
Huenda ni panya.